Sindano Iliyosubiri Miaka 22

Tarehe 7 Agosti 1963, katika hospitali ya kambi ya jeshi la anga huko Cape Cod, Marekani, mke wa Rais John F. Kennedy alijifungua mtoto wa kiume wiki tano na nusu kabla ya siku zake kutimia. Walimwita Patrick. Alikuwa na kilo mbili na ushei, uzito ambao leo haumtishi muuguzi yeyote aliyezoea wodi ya watoto wachanga. Alipumua kwa taabu tangu mwanzo, akahamishiwa Boston, akaingizwa katika chumba cha chuma chenye oksijeni ya mgandamizo mkubwa, na tarehe 9 akafariki akiwa ameishi saa 39. Alikufa katika nchi tajiri kuliko zote, baba yake akiwa na mamlaka kuliko mtu yeyote, amezungukwa na madaktari wa kutajika. Wasimulizi wengi wa kisa hiki hupita haraka jambo moja: chanzo cha ugonjwa uliomuua kilikuwa kimeshachapishwa miaka minne nyuma, na utafiti uliokifichua ulifanyika katika mji huohuo wa Boston.

Historia ya mapafu machanga ya watoto njiti huelezwa kwa kawaida kama mfululizo wa ushindi. Mwanasayansi anagundua, mwenzake anakamilisha, watoto wanapona. Lakini ukizipanga tarehe kwa mfuatano, sura inabadilika. Karibu kila jambo la msingi lilijulikana muda mrefu kabla ya kutumika, na pengo kati ya kujua na kutenda halikuwa la miezi bali la miaka kumi, ishirini, thelathini. Dai la makala haya ni kwamba sehemu kubwa ya vifo hivyo haikuletwa na ujinga wa binadamu kuhusu mapafu, bali na umbali uliopo kati ya karatasi iliyochapishwa na kitanda cha mama mwenye uchungu. Na umbali huo, kama tutakavyoona Kenya na Zambia, haufupishwi kwa kukimbia tu. Unafupishwa kwa kuuliza swali upya palepale kitanda kilipo.

Kwanza mapafu yenyewe. Mtoto aliye tumboni hapumui hewa. Oksijeni yake huipata kwa mama kupitia kondo la nyuma na kitovu, na mapafu yake yamejaa majimaji ambayo yameyatengeneza yenyewe. Akizaliwa, majimaji yale hayana budi kuondoka na hewa iingie katika vifuko vidogo sana ambavyo kuta zake zimelowa. Hapo ndipo fizikia inapomgeuka. Molekuli za maji huvutana, na uso wa maji hujikunja kila unapopata nafasi. Kuta za vifuko hivyo hutaka kunatana kama mfuko wa nailoni uliolowa, na kifuko kinavyokuwa kidogo ndivyo nguvu ya kukifunga inavyokuwa kubwa. Mtoto aliyetimiza siku zake anajikinga kwa mchanganyiko wa mafuta na protini unaotandazwa juu ya maji hayo na kulegeza mvutano wake. Wataalamu huuita safaktanti. Seli zinazoutengeneza huanza kazi karibu na wiki ya 24 ya mimba, lakini kiasi cha kutosha hupatikana kuelekea wiki ya 34 au 35. Anayezaliwa kabla ya hapo akivuta pumzi, vifuko hufunguka. Akiitoa, hufunga tena. Kila pumzi inamgharimu nguvu za pumzi ya kwanza. Ndiyo maana kifua chake hubonyea katikati ya mbavu, pua hutanuka, na kila akitoa hewa huguna, kwa sababu anajaribu kuizuia isitoke yote. Siku ya kwanza anajitahidi. Ya pili anachoka.

Mtu wa kwanza kuipima nguvu hiyo alikuwa Kurt von Neergaard, mtafiti aliyefanya kazi Uswisi. Mwaka 1929 alijaza mapafu hewa na kupima shinikizo linalohitajika, kisha akayajaza kimiminika badala ya hewa. Kwa kimiminika kazi ilikuwa rahisi mno. Kwa kuwa tofauti pekee ilikuwa kuwepo au kutokuwepo kwa uso ambapo hewa inakutana na maji, alihitimisha kwamba sehemu kubwa ya nguvu inayoyasinyaza mapafu inatokana na mvutano wa uso huo, si na misuli wala nyuzi za mapafu. Aliongeza kwamba ingefaa watu wachunguze iwapo mvutano huo unahusika na pumzi ya kwanza ya mtoto mchanga. Hilo ndilo swali lenyewe, limeulizwa kwa usahihi, likachapishwa kwa Kijerumani, likalala. Hakuna aliyelipinga, kwa kuwa madaktari wa watoto hawakulisoma. Wanaosoma majarida ya fizikia ya mapafu na wanaokesha na watoto wanaokufa walikuwa watu wawili tofauti, na hapakuwa na mtu wa tatu wa kuwakutanisha.

Madaktari hao wakati huo walikuwa wakitafuta kwingine. Tangu mwaka 1903, daktari wa Kijerumani aitwaye Hochheim alipoona utando unaong'aa ndani ya mapafu ya watoto wawili waliokufa, wapasuaji wa maiti waliuandama utando huo. Ugonjwa ukapewa jina la utando huo. Wengine walidhani mtoto amevuta maji ya chupa ya uzazi, wengine maziwa, wengine walilaumu moyo. Kosa lilikuwa la namna ambayo ni rahisi kuielewa: maiti ya mtoto inaonyesha kilichopo, haionyeshi kilichokosekana. Utando ule ulikuwa mabaki ya mapafu yaliyojeruhiwa kwa kujifunga na kujifungua, yaani matokeo, lakini ulionekana kwa macho, na kitu kinachoonekana hupata washtaki upesi. Kwa zaidi ya miaka 50 mshtakiwa alikuwa siye.

Jibu lilitoka mahali ambapo mtu asingetarajia huruma kwa watoto, yaani kwenye maabara za silaha za sumu. Huko Porton Down, Uingereza, Richard Pattle alikuwa akichunguza povu linalojaa kwenye mapafu ya mtu aliyevuta gesi za kivita. Aligundua kwamba viputo vya povu hilo havipasuki. Viputo vya maji ya kawaida hutoweka kwa sababu mvutano wa uso huvibana hadi vinakwisha. Hivi vilidumu, maana yake mvutano wake ulikaribia sifuri. Alichapisha hayo mwaka 1955, na mwaka 1958 akaandika kwamba huenda kukosekana kwa dutu hiyo ya asili inayoushusha mvutano ni moja ya taabu za mtoto njiti. Upande wa pili wa bahari, katika kituo cha kemia cha jeshi la Marekani huko Edgewood, Maryland, John Clements alitengeneza mizani ndogo ya kupimia mvutano wa majimaji yaliyokamuliwa kwenye mapafu, na mwaka 1957 akaonyesha kuwa mvutano huo hushuka sana uso unapobanwa na kupanda unapotanuliwa, jambo ambalo maji matupu hayawezi kulifanya. Fedha za kazi hiyo zilikuwa za vita. Sioni haja ya kulipamba hilo, wala ya kulionea haya. Ila linatuambia kwamba fedha zilizolisogeza swali la Neergaard katika miaka ya 1950 hazikutoka kwenye bajeti ya afya ya watoto.

Mtu wa tatu, yule wa kuwakutanisha, hatimaye alipatikana. Mary Ellen Avery alikuwa daktari wa watoto aliyesomea Johns Hopkins, ambaye kifua kikuu kilimlaza kitandani ujanani na kumfanya avutiwe na mapafu. Alipokuwa Harvard akifanya utafiti chini ya Jere Mead, mchana alihudumia watoto wachanga na muda uliobaki alijifunza fizikia ya pumzi. Alikuwa ameona kwamba mapafu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huu hayana povu, wala hayabaki na hewa. Mwishoni mwa mwaka 1957 alisafiri hadi Edgewood kuiona mizani ya Clements, akarudi Boston akatengeneza yake, akalinganisha majimaji ya mapafu ya watoto waliokufa kwa ugonjwa huu na ya watoto waliokufa kwa sababu nyingine. Mwaka 1959 yeye na Mead walichapisha jibu: mapafu hayo hayajavamiwa na kitu, yamepungukiwa na kitu. Vifaa vyote vya hoja hiyo vilikuwapo tayari. Alichofanya Avery, na ndicho kilichokuwa adimu, ni kubeba ujuzi kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Tungetegemea basi kwamba tiba ingefuata mara moja: kama kitu kimepungua, kiongezwe. Ilijaribiwa. Katikati ya miaka ya 1960 watafiti wa Kanada, na wengine waliofanya kazi Singapore, waliwavutisha watoto moshi wa mafuta makuu ya safaktanti. Hawakupona kama ilivyotumainiwa. Leo sababu inajulikana. Mafuta yale peke yake hayatandai upesi, yanahitaji protini zake, na matone ya moshi hayakufika vifukoni kwa kiasi cha maana. Lakini wakati ule kushindwa kulisomwa kuwa kushindwa kwa nadharia, na baadhi ya watafiti walirudi kuulaumu mzunguko wa damu. Ilibidi Göran Enhörning na Bengt Robertson wa Sweden waonyeshe mwaka 1972 kwamba watoto njiti wa sungura hupumua wakiwekewa safaktanti ya asili moja kwa moja kwenye koo la hewa, na Tetsuro Fujiwara wa Japani achapishe mwaka 1980 habari za watoto kumi wa binadamu waliotibiwa kwa dawa iliyotokana na mapafu ya ng'ombe. Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya safaktanti mwaka 1990. Kutoka Avery hadi duka la dawa ni miaka 31. Kati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na hatua moja ya haraka kweli: mwaka 1971 George Gregory wa San Francisco alieleza jinsi ya kumsaidia mtoto kwa shinikizo la hewa lisilokatika, ili vifuko visijifunge anapotoa pumzi. Watoto 16 kati ya 20 walipona. Alichofanya, kwa kweli, ni kumgunia mtoto aliyechoka kuguna.

Safaktanti ilipochelewa, ilichelewa kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ngumu, na sina ugomvi na ugumu. Ugomvi wangu uko kwenye sindano. Huko Auckland, New Zealand, Graham Liggins hakuwa akishughulikia mapafu hata kidogo. Alitaka kujua uchungu huanzishwa na nini, na kwa kutumia kondoo alionyesha kwamba homoni za tezi za juu ya figo za mwanakondoo aliye tumboni ndizo zinazotoa ishara. Akiwawekea vijusi dawa za jamii ya kotisoli, walizaliwa mapema. Mmoja wao alizaliwa katika umri ambao mapafu ya kondoo hayawezi kupumua, lakini akakutwa yu hai, anahema. Alipokufa na kupasuliwa, mapafu yake yalikuwa na hewa. Mtafiti mwingine angemwandika pembeni kama ajabu ya siku moja. Liggins alielewa kwamba homoni ile ile inayofungua mlango ndiyo inayomwandaa mgeni kutoka, akamwendea daktari wa watoto Ross Howie, na wawili hao wakaandaa jaribio kwa wanawake waliokuwa katika hatari ya kujifungua mapema.

Waligawanya wanawake 282 kwa bahati nasibu: wengine walichomwa betamethasoni, dawa ya jamii hiyohiyo ya kotisoli, wengine sindano ya kulinganishia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Kati ya watoto ambao mama zao hawakupata dawa, asilimia 25.8 walipata ugonjwa wa kushindwa kupumua. Kwa waliopata, asilimia 9. Vifo vya siku za mwanzo vilishuka kutoka asilimia 15 hadi 3.2. Nambari hizi zinastahili kusomwa polepole. Dawa yenyewe ilikuwa tayari inatumika, ya bei nafuu, haihitaji mashine wala umeme. Mama anachomwa mara mbili, au mara nne ikiwa ni ndugu yake deksamethasoni, na mapafu ya mtoto yanakomaa upesi kabla hajatoka. Hospitali yoyote yenye bomba la sindano na mkunga ingeweza kuanza wiki iliyofuata.

Haikuanza. Majaribio mengine yalifuata katika nchi mbalimbali, mengi yakielekeza upande uleule, lakini kila moja lilikuwa dogo, na jaribio dogo likisomwa peke yake daima huacha mlango wa kusema "bado hatujui". Ilipofika mwaka 1990, Patricia Crowley na wenzake walichapisha hesabu iliyoyajumlisha majaribio 12, yenye washiriki zaidi ya 3,000, na shaka ikaisha: dawa inapunguza ugonjwa na inapunguza vifo. Hata hivyo, taasisi za afya za Marekani zilipoitisha mkutano wa wataalamu mwaka 1994, ilionekana kwamba chini ya moja ya tano ya wanawake waliojifungua watoto wadogo sana nchini humo walikuwa wamechomwa sindano hiyo. Miaka 22 baada ya Auckland, katika nchi isiyokosa dawa, magari wala madaktari. Shirika la Cochrane, lililoanzishwa mwaka 1993 kwa ajili ya kujumlisha ushahidi wa tiba, liliweka mchoro wa majaribio saba ya sindano hii ndani ya nembo yake, na limekuwa likieleza kwamba pengine makumi ya maelfu ya watoto waliteseka na kufa bila sababu. Ni nadra taasisi kuchagua aibu ya taaluma yake iwe alama ya mlangoni.

Hapa mtetezi wa madaktari wa enzi ile anastahili kusikilizwa, kwa kuwa ana hoja nzito. Atasema kwamba walikuwa waangalifu, na uangalifu wao ulinunuliwa kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1940 watoto njiti walipewa oksijeni kwa wingi kwa nia njema, na takriban watoto 10,000 duniani walipofuka kabla haijagunduliwa kwamba oksijeni iliyozidi huharibu mishipa ya macho. Ilipobanwa kupita kiasi katika miaka ya 1950, wengine walikufa kwa kuikosa. Mwaka 1961 ilifichuka kwamba dawa ya thalidomaidi iliwazalisha akina mama watoto wasio na mikono. Na mwaka 1971, mwaka mmoja tu kabla ya makala ya Liggins, iligundulika kwamba mabinti wa wanawake waliopewa homoni ya DES wakiwa wajawazito walikuwa wakipata saratani adimu ujanani. Daktari aliyeambiwa mwaka uliofuata ampige mjamzito sindano ya homoni alikuwa na kila haki ya kurudi nyuma hatua moja.

Nakubali hatua moja. Sikubali ishirini. Mwangalifu huuliza swali na kulifuatilia hadi lijibiwe. Anayeacha swali likae bila kuulizwa haangalii chochote. Majaribio yalikuwapo, ila hesabu ile iliyoyajumlisha na kuimaliza shaka ilingojewa kwa zaidi ya miaka 15. Wasiwasi kuhusu maisha ya baadaye ya watoto ulikuwa wa haki, na Auckland waliufuatilia hadi watoto wale wakatimiza miaka 30: hawakuonekana kuwa na tofauti ya maana ya afya ya moyo na mishipa, ila mwili wao ulikuwa na usugu kidogo kwa insulini. Huo ndio uangalifu wa kweli, wenye daftari na tarehe. Isitoshe, hofu ilikuwa na upendeleo wa ajabu. Mashine za kupumulia, ambazo ziliweza kuyajeruhi mapafu yaleyale, zilipokewa kwa mikono miwili bila kungoja ushahidi wa kiwango hicho. Sindano ya bei ndogo haikuwa na muuzaji wa kuitembeza, wala haikumpa daktari bingwa wa watoto kitu cha kufanya, kwani ilichomwa kabla mtoto hajafika mikononi mwake. Mkunga ndiye aliyetakiwa kutenda, na sifa ya kupona ingemwendea mwingine wodi ya pili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwetu, maana lilizaliwa upande huu wa dunia. Kufikia mwaka 2011 ilionekana dhahiri kwamba sindano iliyochelewa Marekani isicheleweshwe tena kwa maskini. Mpango mkubwa ukaanzishwa katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo pamoja na Argentina, Guatemala, India na Pakistan, wa kuwafundisha watoa huduma wa ngazi za chini kuwatambua wanawake walio katika hatari na kuwachoma deksamethasoni. Ulihusisha karibu wanawake 100,000. Matokeo yalitoka mwaka 2015 na yaliwashtua waliokuwa na haraka. Kwa watoto wadogo sana vifo havikupungua. Kwa watoto wote kwa jumla viliongezeka, vifo 3.5 zaidi kwa kila wanawake 1,000 waliofikiwa na mpango huo, na dalili za maambukizi kwa akina mama zikapanda. Mtetezi wa uangalifu angeweza kusema: mnaona? Miaka ile 22 haikuwa uzembe.

Lakini tazama kilichotokea ndani ya nambari hizo. Wanawake wengi waliochomwa hawakujifungua njiti. Bila picha ya ultrasaundi ya mapema, umri wa mimba ulikisiwa kwa kimo cha tumbo au kwa kumbukumbu ya hedhi, na anayekisia akiogopa kukosea huchoma zaidi ya inavyotakiwa. Mtoto aliyekaribia kutimiza siku zake hapati faida kubwa kwa dawa hii. Anabaki na madhara yake. Na yule aliyezaliwa njiti kweli, mara nyingi alizaliwa mahali ambapo hakuna oksijeni, joto, wala mtu wa kumlisha kwa mpira, hivyo mapafu yaliyokomazwa hayakumfaa kitu. Dawa ya Auckland ilipimwa ndani ya hospitali ya Auckland. Ilichukuliwa dawa, ikaachwa hospitali.

Ndipo swali likaulizwa upya, safari hii kwa adabu inayostahili. Shirika la Afya Duniani lilifanya jaribio katika hospitali 29 za Kenya, Nigeria, Bangladesh, India na Pakistan, kwa wanawake 2,852 wenye mimba ya wiki 26 hadi 33. Umri wa mimba ulithibitishwa kwa ultrasaundi, wenye maambukizi hawakuingizwa, na hospitali zilitakiwa kuweza kumhudumia mtoto njiti. Jaribio lilisitishwa kabla ya wakati kwa sababu faida ilikuwa imejidhihirisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha vifo vya watoto asilimia 19.6 kwa waliopata deksamethasoni na asilimia 23.5 kwa wasioipata, na maambukizi kwa akina mama hayakuongezeka. Kwa kila wanawake 25 waliochomwa, mtoto mmoja zaidi aliishi. Majaribio haya mawili hayapingani. La kwanza linasema dawa bila wodi inaweza kuua. La pili linasema dawa ndani ya wodi inaokoa, hata pale wodi yenyewe si ya kifahari.

Hilo la wodi linathibitishwa na mashine pia. Katika hospitali kuu ya Queen Elizabeth huko Blantyre, Malawi, ulipimwa mtambo wa bei nafuu unaofanya kazi ileile ya Gregory, hewa ikitolewa kupitia mpira uliozamishwa kwenye maji. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba watoto wenye ugonjwa huu walioishi walikuwa asilimia 64.6 kwa waliowekewa mtambo, dhidi ya asilimia 23.5 kwa waliopewa oksijeni tu. Miaka mitano baadaye, katika hospitali ya wilaya nchini humohumo, aina hiyo ya tiba ilipimwa kwa watoto wakubwa zaidi wenye nimonia kali, wakiangaliwa na wahudumu bila daktari wa watoto wa kila siku, na waliowekewa mtambo walikufa zaidi: asilimia 17 dhidi ya 11. Ugonjwa na umri vilikuwa tofauti, kwa hiyo mtu asizichanganye nambari hizi. Lakini anayenunua mitambo bila kuajiri wauguzi wa zamu ya usiku afadhali azisome zote mbili. Mpango wa NEST360 wa huduma za watoto wachanga, unaofanya kazi katika nchi zikiwemo Tanzania, Kenya, Malawi na Nigeria, umejengwa juu ya ufahamu huo, kwamba kifaa, fundi wa kukitengeneza, muuguzi na takwimu za wodi huja pamoja. Safaktanti yenyewe, ambayo dozi moja hugharimu mamia ya dola, bado ni ya wachache.

Kwa msomaji aliye na mjamzito nyumbani, mambo matatu yanatoka humu na hayangoji bajeti ya serikali. Tarehe ya hedhi ya mwisho iandikwe kwenye kadi ya kliniki, na ultrasaundi ipigwe miezi ya mwanzo, kwa kuwa usalama wa sindano unategemea umri wa mimba unaojulikana. Uchungu, damu au kuvunjika kwa chupa kabla ya wiki ya 34 ni safari ya hospitali saa ileile, hata ikiwa usiku, kwa maana dawa hii hufanya kazi vizuri zaidi ikipata angalau siku moja kabla ya mtoto kuzaliwa. Na hospitali iwe ile yenye wodi ya watoto wachanga, si kituo kilicho karibu tu. Mkifika, mwulizeni mkunga kama mama anastahili sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto. Ana wajibu wa kuwajibu.